Shashi Waliporuka

Wageni wa hema namba nne walifika saa tisa alasiri, na siku hiyo zamu ya mapokezi ilikuwa yangu. Nilisimama chini ya paa nimeshika sinia la vitaulo vya baridi, tabasamu la kazini limeshakaa usoni. Garini akashuka mama mrefu, mwembamba, nywele zake za mvi zimekatwa fupi, na shingoni kaning'iniza darubini ya zamani iliyobanduka ngozi. Alichukua kitaulo, akajifuta mikono kidole kimoja kimoja, huku ananitazama kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Mlango wa upande wa pili ukafunguka, akashuka mwanawe.

Sinia halikuniponyoka. Nililikaza tu mpaka vidole vikafa ganzi, nikasema, "Karibuni sana," kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

Miezi minane sikuwa nimemtia machoni. Alikuwa amekonda, na shati la bluu nililompa mimi lilimpwaya mabegani. Alijibu asante, halafu akainamisha macho kwenye changarawe kama mtu aliyeangusha kitu. Mama yake alimtazama yeye, akanitazama mimi, akauliza kama hapa kambini ndege wa keremkerem wanaonekana bado msimu huu. Nikamwambia wapo wengi. Sikumwambia kwamba hilo ndilo jina langu.

Jina hilo nilipewa na Afande, askari mwenye bunduki anayeongozana na wageni wanaotembea kwa miguu. Siku yangu ya kwanza kazini alinisikia nikieleza habari za ndege kwa saa tatu bila kumeza mate, akasema keremkerem, ndege wapiga kelele kutwa, wamepata ndugu. Kazi yangu ni hiyo: kuwatembeza wageni na kuwaonyesha ndege. Yule mwanamume aliyekuwa anatafuta kitu kwenye changarawe ni daktari wa meno. Nilikwenda kwake miaka miwili iliyopita na gego lililooza. Aliniambia nipanue mdomo, na moyo nao ukajipanua bila kuambiwa.

Tulipendana bila kujificha hadi siku alipompigia mama yake simu kumweleza kwamba amepata mchumba. Mama hakuuliza jina langu wala watu wetu. Aliuliza kazi yangu. Alipotajiwa, alisema hapana, akakata simu. Nilimwandikia barua ya kurasa tatu, haikujibiwa. Daktari ni mtoto wa pekee, na baba yake alifariki kazini yeye akiwa na miaka kumi na mmoja. Hayo ndiyo niliyoyajua, kwa sababu hakupenda kuyazungumza. Alianza kunishawishi nitafute kazi nyingine, ofisini, dukani, popote penye kuta. Usiku mmoja tukatoleana maneno ambayo hayarudishwi mdomoni. Nikarudi kambini, simu yake nikawa sipokei.

Jioni ya siku ile waliyofika, jua lingali juu, Daktari alinikuta nyuma ya stoo nikihesabu chupa za maji za matembezi ya kesho. Alisema hakujua. Mama alimwambia tu kwamba amechoka, anataka kwenda mahali akatazame ndege, na safari ameipanga mwenyewe. Yeye alilitambua jina la kambi walipofika getini.

"Amekwishajua ni mimi?" niliuliza.

"Hajawahi kukuona hata kwenye picha."

Tulisimama tukiwa na katoni ya chupa katikati yetu. Nilitaka kumshika uso, nimuulize anakula nini siku hizi. Badala yake niliendelea kuhesabu, na hesabu ikanipotea mara mbili.

"Nina ombi moja," alisema. "Kesho usimtembeze mama kwa miguu. Mpeleke kwa gari."

Nilijua kilichomtia hofu. Jikoni na kwenye bafu za nje, wafanyakazi wote walikuwa na habari moja mdomoni. Kwa siku nne nyati dume mzee alikuwa anazunguka bondeni na waya wa mtego umezama mguuni. Afande alikuwa ameziona nyayo zake: kwato tatu zimekanyaga, ya nne imeburutwa. Daktari wa wanyama alikuwa ameitwa na angefika keshokutwa. Kwa sasa Meneja alikuwa ametoa amri kwamba matembezi yote yafanywe ng'ambo ya juu ya mto, mbali na bonde. Nilimweleza hayo yote, kwa sauti ya kumweleza mgeni.

"Najua mmepanga vizuri," alisema. "Nakuomba tu."

"Unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi. Nakuomba."

"Mama yako amejaza fomu mwenyewe, amechagua kutembea. Mtu mzima yule." Hapo nikaongeza neno ambalo halikuwa la lazima. "Ulipotaka niache kazi yangu hukuniomba, uliniamuru. Leo umejifunza kuomba kwa ajili ya mama."

Aliinama, akaokota chupa moja iliyobingirika, akairudisha kwenye katoni, akaenda zake. Nikabaki na ushindi ambao haukuwa na ladha yoyote. Ukweli ni kwamba, kabla hajaja, mimi mwenyewe nilikuwa nafikiria kumshauri yule mama apande gari. Aliponiomba yeye, nikaliweka wazo hilo kando. Hilo nalisema leo, ingawa hakuna aliyewahi kuniuliza.

Asubuhi tulitoka saa kumi na mbili na nusu, watu watatu. Afande mbele na bunduki, mimi nyuma yake, mama nyuma yangu. Daktari alisimama kwenye ngazi ya hema lao na kikombe cha chai asichokinywa. Mama alikuwa amemkataza kuja. Alisema anataka asubuhi moja bila ya mtu kumshika kiwiko.

Kwa saa nzima ya kwanza nilisahau kuwa ninamwogopa. Alikuwa anajua ndege, na si kwa vitabu tu. Alimwona mdiria kwenye tawi kavu kabla yangu, akanigusa bega kwa ncha ya kidole bila kusema neno, kama watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi. Kundi la kanga lilipokatiza njia alicheka kimyakimya, akasema wanamkumbusha kamati ya shule. Alikuwa amefundisha biolojia miaka thelathini. Nilijikuta nampenda, na jambo hilo liliniumiza vibaya, kwa sababu niliona wazi mama mkwe niliyenyimwa.

Lakini asubuhi ile haikuwa imetulia. Afande alisimama mara mbili kunusa hewa. Mara ya tatu alichuchumaa, akagusa kinyesi cha nyati kwa mgongo wa mkono. Nikamuuliza kwa macho. Akasema ni cha jana, labda juzi, lakini hakunyanyuka upesi. Alipoinuka alibadilisha njia, akatupitisha kwenye uwazi, mbali na vichaka. Upepo ulikuwa unageuka geuka kama mtu asiyejua aende wapi.

Tulipumzika kando ya mkono mkavu wa mto, penye mawe bapa na kichuguu kikubwa. Afande alisema anakwenda hatua ishirini mbele kuangalia mchangani kama kuna nyayo. Nilimpa mama maji. Alikunywa kidogo, akafunga chupa, akaiweka chini kwa uangalifu.

"Barua yako niliisoma," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Barua ipi, mama?"

"Uliyoniandikia. Kurasa tatu. Mwandiko wako mzuri, ila mikato unaisahau."

Nikamuuliza tangu lini amenijua. Akasema tangu kabla hajapanda gari. Jina la kambi nililiandika mwenyewe juu ya barua. Ndege anawapenda, alisema, lakini ndege wapo hata nyuma ya nyumba yake. Alikuja kwa ajili yangu.

"Baba yake alikuwa askari wa wanyamapori," aliendelea. "Nadhani hilo hakukwambia."

"Aliniambia alifia kazini."

"Tembo." Aliliacha neno hilo lisimame peke yake kwanza. "Nilikuwa darasani, nafundisha mzunguko wa damu. Wakaja watu wawili wakasimama mlangoni, kofia mkononi. Mmoja akaniomba nitoke nje. Nikamwambia asubiri. Nikamaliza kwanza kuchora moyo ubaoni, nikaandika na majina ya vyumba vyake vyote vinne, ndipo nikatoka. Mpaka leo sijui kwa nini."

Nilisogea karibu naye kwenye lile jiwe.

"Mwanangu anadhani nililia," alisema. "Sikulia, binti. Nilikasirika. Mtu anayelijua pori namna ile, anapigwaje na tembo mchana kweupe? Alikuwa anawaza nini? Miaka ishirini na miwili nimelala na hasira hiyo. Halafu mtoto wangu ananipigia simu, anafurahi, ananiambia amepata mtu, na huyo mtu kila asubuhi anakwenda kule kule." Alinigeukia. Macho yake yalikuwa makavu. "Sina ubaya na wewe. Nimetembea na wewe saa nzima, nimeona ulivyo, na imekuwa vigumu zaidi. Lakini nakuomba. Iache kazi hii, au muache mwanangu. Asije akaitwa mlangoni."

Nilikuwa natafuta jibu. Nakumbuka nilikuwa natazama mikono yake, nawaza jinsi inavyofanana na ya mwanawe, nawaza nianzie wapi. Na nilipokuwa nawaza hivyo, kwale waliokuwa wanapiga kelele nyuma yetu walikuwa wameshanyamaza. Sikujua ni tangu lini. Nilikuwa nimeacha kuwasikiliza ndege.

Kilichonishtua ni shashi. Hao ni ndege wadogo wanaokaa mgongoni mwa wanyama wakila kupe, na popote wanaporuka kwa ghafla, chini yao kuna mnyama. Waliruka watatu kutoka kwenye kichaka cha mkono wa kushoto, hatua kama thelathini, wakitoa ile sauti yao ya kukwaruza.

"Afande," nilisema. Sikupiga kelele. Haikuhitajika, kwa sababu naye alikuwa ameshageuka.

Nyati alitoka bila ya onyo. Watu hudhani mnyama mwenye mguu mbovu hukimbia polepole. Alikuja na miguu mitatu kama gari lililokatika breki, kichwa kimeinuliwa, pua mbele. Afande alikuwa kati yake na sisi. Alipiga risasi moja, nikaona vumbi likiruka begani kwa nyati, na nyati asitetereke. Kisha nikamwona Afande akienda juu. Alienda juu kabisa, kofia ikatengana naye hewani, akaangukia upande.

Nilimvuta mama nyuma ya kichuguu, nikamlaza kifudifudi na kumlalia juu. Pembe za nyati zimejikunja. Mtu aliyebanana na ardhi hazimfikii kwa urahisi. Nilifundishwa hivyo, na nilikuwa nimewafundisha wengine hivyo, na sikuwahi kuamini. Nilimwambia mama sikioni asipumue kwa nguvu. Mwili wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto, na niliusikia moyo wake ukigonga chini ya kifua changu.

Nyati alituzunguka. Nilisikia kwato zikitafuta, tatu zikikanyaga na moja ikiburuta. Pumzi yake ilinipiga shingoni, ya moto, yenye harufu ya kidonda kilichooza. Kitu kilishika mkoba wangu wa mgongoni kikauchana kuanzia juu hadi chini, na ngozi ya bega langu ikaenda nao. Mama alinishika mkono.

Risasi ya pili ililia kutoka chini. Afande, akiwa amelala ubavu na paja limevunjika, alikuwa ameikokota bunduki yake kwa vidole. Nyati alianguka karibu sana nasi kiasi kwamba ardhi ilituinua.

Nilimfunga Afande mguu kwa vijiti na kwa shuka alilokuwa amejitanda mama. Nikaita kambi kwa redio, sauti yangu imetulia kama ya mtu anayeagiza maji. Walisema wapo njiani. Tukakaa kusubiri, mama kashika kichwa cha Afande magotini, mimi nazuia damu.

"Hakuwa anawaza kitu," mama alisema baadaye.

"Nani, mama?"

"Baba yake. Hakuna nafasi ya kuwaza. Inakuja tu." Alipitisha mkono kwenye paji la uso la Afande, akamwondolea mchanga. "Nimemwonea mtu wa watu miaka yote hii."

Hapo ndipo alipolia. Nami nikamwambia langu. Nilimwambia kwamba ndege walinyamaza na sikuwasikia, kwamba ningewasikia tungekuwa tumeshaondoka pale.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakusemesha."

"Kusikiliza ni kazi yangu, mama, si yako."

Hakubisha. Nadhani nilitaka abishe.

Gari lilipofika, Daktari aliruka kabla halijasimama. Alimkimbilia mama yake, akamkagua mikono, kichwa, mbavu, huku akirudia rudia neno moja tu, mama, mama. Kisha akaniona mimi, na damu ya watu wawili na mnyama mmoja kwenye nguo zangu. Hakunikaribia. Alisimama na mikono imening'inia, akanitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua kwa mbali.

Ndege ndogo ya wagonjwa ilitua saa tano. Palikuwa na kiti kimoja kando ya machela, na mama akasema ni chake. Mhudumu alitaka kukataa. Mama akamjibu kwamba amefundisha mzunguko wa damu miaka thelathini, hatashindwa kushika mpira wa dripu. Alimwambia mwanawe, "Wewe baki, baba." Halafu akanijia mimi.

"Asubuhi nilikuwa naogopa kitu ambacho sijakiona," alisema. "Sasa nimekiona. Kwa hiyo usingojee baraka zangu, binti, sina. Lakini lile nililokuomba pale mtoni, sikuombi tena." Akapanda bila kuaga.

Tulibaki wawili uwanjani, vumbi likishuka. Nikamweleza Daktari yote, tangu stoo hadi kwale. Nilimwambia kwamba kama nisingetaka kumkomoa, mama yake angekuwa ndani ya gari. Nilisubiri anitukane. Alikwenda kukaa garini, akafunga mlango taratibu.

Siku mbili zilizofuata nilikuwa naandika maelezo. Meneja aliyasoma, akaniuliza kwa upole kama ninataka kuibadilisha ile sentensi niliyosema kwamba sikuwa nasikiliza. Nikakataa. Wakaguzi walikuja, wakautazama mzoga, wakapima hatua, wakaondoka na ule waya ndani ya mfuko wa nailoni. Kutoka hospitali Afande alituma salamu kwamba paja lake limetiwa chuma, na anauliza kama Keremkerem amejifunza kunyamaza. Mama alikuwa amesharudi nyumbani kwake, mzima, hapigi simu. Daktari hakuondoka. Alikula meza ya peke yake, akanitazama nikipita. Kila nilipogeuka, macho yake yalikuwa yameshafika. Hakuja.

Siku ya tatu niliruhusiwa kurudi kazini, na askari mwingine. Wageni wanne walikuwa wananisubiri na kofia zao mpya. Daktari alikuwa amesimama mwanzo wa njia, amenyoa, na macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Mnarudi saa ngapi?"

"Saa nne."

Akaitikia kwa kichwa, akapisha.

Nilirudi saa nne na robo. Mgeni mmoja alikuwa amenaswa kiatu kwenye tope tukachelewa, jambo la kawaida kabisa. Daktari alikuwa pale pale nilipomwacha. Jua lilikuwa limehama, lilimpiga moja kwa moja usoni, na shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Wageni walipita wakimsalimu, asiwaone. Aliningoja mpaka nikabaki peke yangu.

"Robo saa," alisema. "Itakuwa hivi kila siku?"

Ningeweza kumdanganya. "Siku nyingine itakuwa zaidi."

Alitazama mikono yake, akaikunja, akaikunjua. Kule kwake, mikono hiyo ilikuwa inashika vyuma vidogo midomoni mwa watu, na nilikuwa sijawahi kuiona ikitetemeka.

"Basi nipe kitu cha kufanya nikisubiri," alisema.

Nilikaa kwenye ngazi, nikavua viatu. Vilikuwa na tope la asubuhi ile, na chini yake, kwenye mishono, damu ya Afande iliyokuwa imekauka. Nilimpa vyote viwili. Akakaa kando yangu, upande wa bega lisiloniuma, akaokota kijiti na kuanza kuvisafisha, polepole, mshono kwa mshono.